Jinsi ya kupima jukwaa la gumzo lililogatuliwa kabla hujahamisha watu wako: mwongozo kamili

Kisa ni kile kile kila mara. Mtu mmoja kwenye kundi anachoka kutegemea kampuni moja, anachagua programu ya gumzo kama Element, SimpleX au Session, anawabembeleza wenzake hadi wote wanapakua. Siku chache baadaye mmoja anabadilisha simu, na mazungumzo yake yote ya nyuma yanageuka mistari isiyosomeka. Mwingine arifa hazimfikii. Wa tatu amesahau nenosiri. Mwezi hauishi, kundi limerudi lilikotoka, na kuwashawishi tena ni kazi bure.

Tatizo huanzia kwenye namna ya kupima. Watu huona maneno mawili, "imegatuliwa" na "usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho", wakadhani ni kitu kimoja. Usimbaji hufunga maudhui ya ujumbe. Ugatuzi huamua nani anashika mitambo. Jukwaa linaweza kuwa na yote mawili na bado likaanika nani anazungumza na nani, tena mbele ya macho mengi kuliko huduma ya kampuni moja.

Kwa hiyo hapa hatulinganishi orodha za sifa. Tunalijaribu jukwaa kwa siku yake mbaya: simu imepotea, seva imezimwa, mtu ametolewa kundini kwa ugomvi.

## Vitu vya kuandaa

- Simu mbili, ikiwezekana moja ya Android na nyingine iPhone. Ukipima kwenye Android pekee utapata matokeo yatakayokuaibisha mbele ya nusu ya kundi.
- Kompyuta moja.
- Anwani ya barua pepe isiyobeba jina lako halisi.
- Karatasi na kalamu. Kuna maneno na funguo ambazo hazitakiwi kukaa kwenye simu unayoijaribu.
- Signal, programu ya gumzo inayoendeshwa na shirika moja, kwenye simu zote mbili. Haijagatuliwa, na ndiyo maana tunaihitaji: ni kipimo. Jukwaa likishindwa kuipita kwenye jambo linalokuhusu, ujue unahamia kwa sababu gani.
- Mtu mmoja asiyependa mambo ya kompyuta. Huyu ni muhimu kuliko vyote vilivyotangulia. Kundi husimama pale anapoweza kufika mwanachama wake mzito zaidi.

## Hatua ya 1: Andika unamficha nani na nini

Chukua karatasi, andika sentensi moja tu: "Sitaki fulani ajue jambo fulani." Fulani anaweza kuwa kampuni ya matangazo, mwajiri, mamlaka, mwizi wa simu, au mtu mnayeishi naye nyumba moja. Kikulacho ki nguoni mwako; makundi mengi huvujishwa na mwanachama anayepiga picha ya skrini, na hapo hakuna usimbaji unaofaa kitu.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kila jukwaa linaziba tundu lake. Anayeogopa mtandao kuzimwa anahitaji kitu tofauti na anayeogopa namba yake ya simu kujulikana.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja adui mmoja na siri moja bila kusema "kila mtu" wala "kila kitu". Ukishindwa, usiendelee.

## Hatua ya 2: Jua ugatuzi wa jukwaa ni wa aina gani

Neno moja linafunika mambo matatu.

Shirikisho la seva. Matrix na XMPP ziko hapa; hizi ni lugha ambazo programu na seva nyingi huzitumia kuwasiliana, si programu zenyewe. Unachagua seva, unapata anwani yenye jina lako na jina la seva, kama barua pepe, na unaongea na watu wa seva nyingine. Element ni programu mojawapo ya Matrix. Conversations ni programu ya XMPP kwenye Android, Monal ni ya iPhone, na Dino na Gajim ni za kompyuta.

Seva za kupitisha tu. SimpleX haikupi kitambulisho chochote, hata cha nasibu. Kila mtu unayeunganishwa naye ana njia yake mwenyewe ndani ya seva, na ujumbe hukaa hapo mpaka uchukuliwe. Session hukupa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu 66 kinachoanza na 05, kisha hurusha ujumbe kupitia vituo vitatu ili anayeupokea asione anwani ya IP ya aliyeutuma, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti.

Simu kwa simu. Briar hutumia mtandao wa Tor, unaoficha nani anaunganishwa na nani, na intaneti ikikatika hutumia Wi-Fi au Bluetooth kwa walio karibu. Haina toleo la iPhone. Kama kundi lako lina watu wa iPhone, jina hilo lifute sasa, usipoteze jioni nzima.

Bakiza majukwaa mawili, yasizidi. Anayepima matano kwa mpigo hamalizi hata moja.

## Hatua ya 3: Mpe simu mtu asiyependa kompyuta

Mwambie: "Fungua akaunti, kisha nitumie ujumbe." Nyamaza. Usimguse mkono, usimwonyeshe kitufe. Andika kila anapokwama.

Kwenye Matrix wengi hukwama katika kuchagua seva, kwa sababu hawajui kwa nini waulizwe. Matokeo yake karibu kila mtu hubofya iliyopendekezwa, matrix.org, na ugatuzi mliohamia unaishia kwenye seva moja. Hilo si dhambi, lakini lifanye kwa kujua.

Kwenye SimpleX, kufungua akaunti ni kuandika jina tu. Ugumu uko mbele: huwezi kumtafuta mtu kwa jina. Lazima umpe kiungo au msimbo wa QR, na wasiozoea hukaa wakisubiri orodha ya marafiki ijitokeze yenyewe. Haitajitokeza. Ndiyo faragha yenyewe hiyo.

Kwenye XMPP hukwama mapema zaidi, dukani, kwa kuwa hakuna programu inayoitwa XMPP. Ukichagua njia hii, kundi lipangie programu moja kwa kila aina ya simu na seva moja ya kuanzia, ukaandike kabisa.

Utajua umefaulu ikiwa amekutumia ujumbe bila msaada wako, na siku ya pili amefungua programu mwenyewe.

## Hatua ya 4: Hakikisha usimbaji umewaka kweli

Usiamini tangazo. Fungua gumzo la watu wawili, kisha kundi dogo, kisha chumba cha wazi, na kwenye kila kimoja tafuta alama ya kufuli au maelezo ya usimbaji.

Kwenye Element, mazungumzo ya faragha yamekuwa yakisimbwa bila kuulizwa tangu 2020, ila vyumba vya wazi kwa kawaida havisimbwi. Chumba kikishawashiwa usimbaji hakizimiki tena. Ukiona programu inakuonya hivyo, ni sahihi. Kwenye Session, makundi ya kawaida yamesimbwa mwisho hadi mwisho, lakini jumuiya kubwa za wazi hazijasimbwa hivyo, na mwenye seva ya jumuiya anaweza kuzisoma.

XMPP ndiyo inayohitaji jicho kali. Usimbaji wake wa kisasa unaitwa OMEMO, na kuwaka kwake kunategemea programu. Conversations huuwasha yenyewe. Programu nyingine inaweza kukutumia ujumbe wazi bila kukushtua. Jaribu kila programu itakayotumika kundini, kwa kuwa mtu mmoja mwenye programu ya zamani ananyima wote.

Onyo kuhusu madaraja. Matrix inaweza kuunganishwa na huduma nyingine kwa kifaa kinachoitwa daraja. Ni raha, unaongea na kila mtu kutoka sehemu moja. Lakini daraja linalokaa kwenye seva hufungua ujumbe upande mmoja na kuufunga upya upande wa pili, hivyo anayeliendesha anaweza kuusoma. Kama daraja si lako, hesabu mazungumzo hayo kuwa wazi.

## Hatua ya 5: Thibitisheni funguo, ana kwa ana

Funguo ni misimbo ambayo programu hutumia kufunga na kufungua ujumbe, na kila kifaa kina zake. Wengi huruka hatua hii, na mimi siwalaumu sana, maana programu nyingi zimeificha. Lakini bila hiyo unachojua ni kwamba ujumbe umesimbwa. Hujui umesimbwa kwa ajili ya nani.

Mwaka 2023 iligundulika kwamba mtu aliyejipachika kati ya watumiaji na seva ya jabber.ru, huduma ya XMPP, alikuwa akinasa mawasiliano yao kwa kutumia vyeti halali vya usalama. Alifichuka kwa sababu cheti chake kimoja kiliisha muda. Mtu aliyekaa mahali kama pale anaweza kusoma chochote ambacho hakikusimbwa mwisho hadi mwisho, na anaweza hata kujaribu kukupa ufunguo wake badala ya ule wa mwenzako. Kinachomzuia ni nyinyi wawili kulinganisha funguo kwa njia nyingine.

Namna ya kufanya:

1. Kaeni pamoja, au pigianeni simu ya sauti mnayoitambua.
2. Kwenye Element, fungua wasifu wa mwenzako na uanze uthibitisho. Mtaonyeshwa emoji saba. Zikifanana kwa mpangilio ule ule, kubali.
3. Kwenye Conversations, mchanganue msimbo wake wa QR.
4. Kwenye SimpleX, fungua maelezo ya mwasiliani na ulinganishe msimbo wa usalama.
5. Rudia kwa vifaa vyako mwenyewe: simu yako na kompyuta yako vinatakiwa vitambuane.

Utajua umefaulu ukiona alama ya uthibitisho kwa kila mwanachama wa kundi la majaribio. Kisha ongeza kifaa kipya kwenye akaunti moja, uone kama programu inawaonya wenzako. Isipowaonya, iandikie alama mbaya kwa wino mzito.

## Hatua ya 6: Ipoteze simu

Hapa ndipo makundi hufa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Baada ya siku kadhaa za mazungumzo ya kawaida, chukua simu moja ya majaribio, iondoe programu kabisa pamoja na data zake, halafu jaribu kurudi kama mtu aliyeibiwa simu. Huna simu ya zamani mkononi. Una karatasi yako tu.

Matrix. Utaingia kwa jina na nenosiri, na vyumba vyote vitaonekana. Ujumbe wa zamani hautasomeka mpaka uingize ufunguo wa urejeshaji, ambao programu ilikupa mwanzoni na watu wengi wakaupuuza. Ufunguo huo na nenosiri ni vitu viwili tofauti: nenosiri linakurudishia akaunti, ufunguo unakurudishia maana ya kilichoandikwa. Aprili 2019 seva ya matrix.org ilidukuliwa, waendeshaji wakalazimika kuwatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao. Waliokuwa hawana nakala rudufu ya funguo walipoteza mazungumzo yao yaliyosimbwa. Uandike ufunguo wako kwenye karatasi siku ya kwanza, si siku ya ajali.

XMPP na OMEMO. Kifaa kipya hakisomi ujumbe uliosimbwa kabla hakijajiunga. Hivyo ndivyo kilivyoundwa. Kama huwezi kuishi bila kumbukumbu, Conversations ina nakala rudufu unayoweza kuihifadhi nje ya simu, lakini lazima uitengeneze mwenyewe kabla ya msiba.

Session. Utaombwa maneno 13 ya urejeshaji. Ukiyaandika sawasawa unarudi, na ujumbe ambao bado uko kwenye mtandao utashuka. Hukaa huko siku 14. Uzuri huo una makali pande zote: aliyeyaona maneno yako 13 anakuwa wewe.

SimpleX. Hakuna akaunti popote ya kurudia. Kila kitu kimo kwenye hifadhidata ndani ya simu. Kama hukuisafirisha nje ikiwa na neno la kuifungua, umeanza maisha mapya, na marafiki zako wote hawana njia ya kukupata mpaka muunganishwe upya. Pia usiweke nakala ya hifadhidata moja kwenye simu mbili na kuzitumia pamoja, mazungumzo yataharibika.

Briar. Ukisahau nenosiri au ukifuta programu, akaunti imekwenda. Hakuna wa kumlalamikia.

Rudia zoezi hili na yule mtu asiyependa kompyuta, kwa karatasi aliyoiandika mwenyewe. Utashangaa ni wangapi wameandika nenosiri la Wi-Fi.

Utajua umefaulu ikiwa nyote wawili mmerudi na mnaelewa kilichopotea. Kupoteza historia kunaweza kukubalika, hata kupendeza, kulingana na sentensi yako ya Hatua ya 1. Kisichokubalika ni kupoteza bila kutarajia.

## Hatua ya 7: Hesabu seva inaona nini

Barua ikifungwa kwa gundi, anwani bado inasomeka juu ya bahasha. Hiyo anwani, pamoja na saa na idadi ya barua, ndiyo metadata. Kwa watu wengi ndiyo siri yenyewe: kwamba uliongea na mwanasheria saa saba usiku kunatosha, hata bila maneno.

Chora jedwali dogo lenye maswali manne: seva inajua jina au namba yangu? Inajua naongea na nani? Inajua niko kundi gani? Inaona anwani yangu ya IP?

Signal inahitaji namba ya simu ili kujiandikisha, na hilo ni doa. Lakini makundi yake yamejengwa ili seva isijue wanachama ni akina nani. Mwaka 2016, mahakama nchini Marekani ilipotaka taarifa za watumiaji, Signal ilikuwa na vitu viwili tu vya kutoa: tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho ilipounganishwa.

Sasa linganisha na chumba cha Matrix chenye watu kutoka seva tano. Maudhui yamefungwa, sawa. Lakini orodha ya wanachama, jina la chumba, mada, nani ametuma na saa ngapi, hata emoji mnazobandika juu ya ujumbe, vinahifadhiwa bila kusimbwa, na nakala iko kwenye seva zote tano. Kila msimamizi wa seva hizo anaviona. Hapa ndipo ugatuzi ulipowapa watu watano kile ambacho Signal haimpi hata mmoja. Tiba ipo: watu wa kundi nyeti wawe kwenye seva moja mnayoiendesha wenyewe, na chumba kisiitwe kwa jina la shughuli zenu.

XMPP inafanana na hiyo: seva yako inahifadhi orodha ya marafiki zako na inajua unamwandikia nani. Seva ikiwa ya rafiki yako, swali la kujiuliza si teknolojia tena, ni kama unamwamini huyo rafiki miaka mitatu ijayo.

Session na SimpleX hupata alama nzuri hapa, na Briar pia, kwa kuwa ziliundwa kwa ajili ya swali hili. Sitaki kuzisifia bila kipimo, hata hivyo: Session iliwahi kuondoa kinga ya kubadilisha funguo kila mara, ile inayofanya ufunguo ulioibwa leo usifungue ujumbe wa jana. Kabla ya kuichagua, angalia toleo unalopakua limeirudisha au la.

Utajua umefaulu ukiweza kujaza jedwali bila kuacha nafasi. Pale penye "sijui", chukulia seva inaona.

## Hatua ya 8: Arifa na betri

Zima skrini ya simu, iache mezani saa nzima bila kuigusa, kisha tuma ujumbe kutoka simu ya pili. Rudia usiku na asubuhi.

Arifa za haraka kwa kawaida hupita kwa Google au Apple. Desemba 2023 seneta wa Marekani Ron Wyden alieleza hadharani kwamba serikali zimekuwa zikidai taarifa za arifa kutoka kampuni hizo. Maudhui ya ujumbe si lazima yawemo, lakini muda na programu iliyokuamsha vinaweza kujulikana. Programu inayokwepa njia hiyo hulazimika kubaki macho yenyewe nyuma ya pazia, na betri ndiyo inayolipa.

Kwenye Android nyingi, mfumo huiua programu ya aina hiyo baada ya muda. Nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi, halafu pima upya. Kwa Briar ongeza jambo moja: wote wawili wanatakiwa wawe hewani pamoja, isipokuwa mmoja ameweka Briar Mailbox, programu inayompokelea ujumbe, kwenye simu ya pili inayokaa imewashwa.

Arifa zikichelewa mara nyingi, acha. Hakuna faragha inayomfaa mtu ambaye amekwisha kurudi kwenye programu ya zamani.

## Hatua ya 9: Mtoe mtu kundini

Tengeneza ugomvi wa kubuni. Mtoe mwanachama mmoja, kisha andika ujumbe. Hakikisha haoni kipya. Futa ujumbe wa zamani, uone kama umefutika kwake.

Kwenye mashirikisho, kufuta ni ombi tu. Seva ya mwenzako ikikataa au ikiwa imezimwa, nakala inabaki. Ujumbe unaojifuta wenyewe, uliopo kwenye Session na SimpleX, unasaidia zaidi kwa sababu umewekewa muda tangu mwanzo, ingawa nao hauzuii picha ya skrini.

## Hatua ya 10: Amua, kisha hamia polepole

Haya ndiyo maamuzi yangu, yapinge kwa matokeo yako.

Jumuiya kubwa yenye vyumba vingi, inayotaka kushika mitambo yake na isiyojali sana metadata: Matrix. Familia au timu ndogo yenye mtu mmoja mtaalamu wa kuendesha seva: XMPP, kwa sababu seva yake ni nyepesi na haihitaji mashine kubwa. Watu wawili hadi kumi wasiotaka kujulikana wanaongea: SimpleX. Makundi makubwa huko hulemewa, maana simu yako hutuma ujumbe kwa kila mwanachama peke yake. Wanaotarajia intaneti kukatwa, wote wakiwa na Android: Briar, na wafanye mazoezi kabla haijakatwa. Kama jedwali lako linaonyesha namba ya simu si tatizo kwenu, bakini Signal. Jueni tu kwamba huduma yenye kitovu kimoja inaweza kulala kwa saa kadhaa mitambo inayoitegemea ikiyumba, kama ilivyoonekana kwa Signal Oktoba 2025 pale huduma za wingu za Amazon, yaani seva zake za kukodisha, zilipopata hitilafu.

Ukishaamua, hamisha watu watatu kwanza. Wakimaliza wiki mbili bila kukwama, ongeza wengine, kila mmoja akiwa ameandika ufunguo wake kwenye karatasi mbele yako. Kundi la zamani libaki na ujumbe mmoja uliobandikwa juu wenye kiungo kipya, na liwekewe tarehe ya kufungwa inayojulikana na wote. Siku hiyo ikifika, lizuie kupokea ujumbe mpya hata kama wawili watatu bado wananung'unika.